Barua Yetu kwa Bodi ya Wanyamapori

Kila asubuhi binti yangu alikuwa akibeba ndoo kwenda mtoni. Njia inapita kando ya hifadhi ya wanyama. Kwenye njia hiyohiyo kiboko alimuua mama yake, na mwaka wa tatu ulikuwa umeingia. Sisi bomba hatukuwa nalo. Wakubwa wa hifadhi walikuwa nalo.

Akishaondoka, nami nilikuwa nikienda kwenye geti la hifadhi. Nilikuwa nikimporomoshea askari wa wanyamapori matusi mpaka sauti inakauka.

"Mzee, hata mimi viboko nawaogopa," alikuwa akinijibu.

Siku moja shemeji alikuja kututembelea. Ni mdogo wa marehemu mke wangu, karani wa masjala kwenye shirika la wanyamapori. Barua na mafaili yote hupitia kwake.

"Shemeji, yule askari unamchosha bure. Kazi yake kulinda tu."

"Basi nikamtukane mkurugenzi?"

"Kwa matusi hujambo! Sijui dada alikuvumilia vipi."

Binti yangu alicheka. Mimi nilinuna.

"Nisikilize," alisema shemeji. "Mkurugenzi anaendesha kazi za kila siku. Juu yake kuna bodi. Bodi ndiyo inayopitisha mipango: uzio upite wapi, maji yaende wapi. Wajumbe wanateuliwa na waziri. Mmoja anatoka vijiji hivi vya jirani."

"Huyo sijawahi kumwona."

"Umewahi kumtafuta?"

Nilijishughulisha na kikombe changu cha chai.

"Kifo cha dada kipo kwenye faili, nimekisoma mwenyewe," alisema polepole. "Lakini barua ya kuomba maji haipo hata moja. Matusi hayaingii masjala, shemeji."

Neno lile liliniuma. Miaka mitatu nimepiga kelele, na kwenye karatasi hakuna kitu.

Jioni ile mimi nilisema, binti akaandika. Majirani walitia sahihi, wengine dole gumba. Nakala tulimpelekea yule mjumbe wetu. Barua yenyewe katibu wa bodi aliipokea, akaigonga muhuri.

Bodi hukutana kila miezi mitatu. Kikao cha kwanza wakaahirisha ombi letu.

"Umewaona watu wako?" nilimfokea shemeji.

"Andika tena, uwakumbushe."

Tukaandika. Kikao cha pili wakapitisha. Leo bomba liko nyuma ya nyumba ya jirani yetu mmoja, fundi baiskeli, mbali na mto.

Wakubwa bado sijawasamehe. Lakini jana binti yangu alikwenda kuchota maji, nami nikakaa nikanywa chai yangu. Sikutega sikio kusikiliza kama atapiga yowe.