Kifo cha Fidélie, Muuza Samaki

Mwili wa Fidélie ulikutwa asubuhi kwenye matete ya ziwani, umelala kifudifudi, kilomita chache kutoka mji wa Nchelenge. Alikuwa Mkongo kutoka ng'ambo ya ziwa, mfanyabiashara wa samaki, mama wa watoto wawili.

"Amezama," alisema Sajenti Obvious, mkuu wa kituo kidogo cha pale ufukweni. "Ajali tu, madam."

Inspekta Misozi Mwansa, mpelelezi aliyetumwa kutoka Mansa, makao makuu ya mkoa, aliinua kidevu cha marehemu. Shingoni palikuwa na alama za vidole.

"Ajali ina vidole, sajenti?"

Mchana daktari alithibitisha: mapafu hayakuwa na maji. Alinyongwa. Chini ya kucha zake kulikuwa na ngozi ya mtu.

Misozi akafungua daftari la makosa la kituo. Wizi wa nyavu, arobaini na moja tangu Januari. Ugomvi wa pombe, kumi na saba. Ubakaji, hakuna.

"Hata mmoja? Ufukwe wote huu?"

Obvious alinyoosha mkono kulifunga daftari.

Jibu alilitoa Pierrette, rafiki wa marehemu, aliyekuwa amefika kituoni na wauza samaki wenzake.

"Mama, Parfait, ule mwenye mitumbwi, hauzie mwanamuke samaki mpaka alale naye. Fidélie alikatala. Akamubaka. Tulikuya hapa mara tatu. Polisi bakatuambia turudi nyumbani, eti ni mambo ya biashara. Juzi Fidélie akasema ataenda kushitaki Mansa."

"Parfait alijua?"

"Alimuambia mu macho."

Parfait aliletwa alasiri, amevaa shati la mikono mirefu katika joto lile.

"Kunja mikono ya shati."

Mikwaruzo minne mibichi ilishuka kwenye mkono wa kulia.

"Ndoana," alisema.

"Ndoana haina vidole vinne. Ngozi iliyo chini ya kucha zake inakwenda maabara. Sema."

Parfait alishusha tena mikono ya shati.

"Nilimukaba. Alitaka kuniharibia jina mbele ya batu bote. Mutu mukubwa kama mimi!"

"Na kumbaka?"

"Ile?" Parfait alishangaa kweli. "Uliza sajenti. Mara ya kwanza niliogopa, nikangoja mukuye kunifunga. Hamukukuya. Ya pili, hamukukuya. Nikajua si kosa."

Misozi alimgeukia Obvious.

"Vua mkanda, sajenti. Kaa pale, karibu naye. Na wewe utahojiwa."

Kisha akaenda mlangoni, ambako wanawake kumi na mmoja wauza samaki walikuwa wakingoja kuandikisha mashtaka yao ya ubakaji, akamwita wa kwanza.