Koti la Langoni

Siku za shule Lenah alivaa kama wenzake: sketi ya kijivu, sweta iliyotoboka kiwiko na viatu alivyoachiwa na binamu yake. Alichota maji kwenye mfereji wa ploti, ule ua wa vyumba vya kupanga walimoishi, akanywa chai ya rangi, akavuka mtaro mweusi unaotoka viwandani na kufika darasani kabla ya kengele. Hakuna aliyemtazama mara mbili. Lakini Jumamosi ilipofika, msichana huyo wa mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Reuben alikuwa mtu mwingine kabisa.

Alianza na vitu vidogo. Alipokuwa mdogo alijifunga utepe tu kichwani. Baadaye akajifunza kupunguza blauzi za mitumba na kuzishonea vipande vya kitenge alivyopewa na rafiki yake Fowsiya, ambaye babake aliuza vitambaa kando ya barabara. Sasa, akiwa na miaka kumi na mitatu, sindano ilimtii kama mbwa anavyomtii mwenyewe. Hata wasichana wakubwa wa ploti walimwita aseme kama nguo imewakaa.

Kila Jumamosi mchana, yeye na Fowsiya walitembea kwa miguu hadi Buruburu, kule nyumba zina ua na geti. Karibu na maduka palikuwa na kiwanja ambapo vijana walijipamba na kupigana picha. Mwenye simu nzuri kuliko wote aliitwa Ndindi. Picha zake zilitazamwa na watu wengi, naye alijua hivyo.

"Jumamosi ijayo," Ndindi alisema siku moja, "nitampiga picha mtu aliyevaa kitu ambacho sijawahi kukiona. Msiniletee zile nguo za kila mtu."

Lenah alirudi nyumbani akiwaza hilo tu.

Nyuma ya mlango wao, kwenye msumari, lilining'inia koti la kazi la mamake. Lilikuwa la buluu, limepauka mabegani, na kitambaa chake kilikuwa kigumu na kizuri kushonwa. Mama yake, Ayuma, hakuwa amelivaa kwa wiki kadhaa kwa sababu kiwandani kazi ilikuwa imepungua. Siku hizo alikuwa akienda kufulia watu nguo.

"Hili koti limechoka kama mimi," Ayuma aliwahi kusema. "Nikipata lingine, hili nitalifanya tambara."

Lenah alishika neno tambara. Yale maneno "nikipata lingine" aliyaacha yapite.

Sasa tuseme wazi koti hilo lilikuwa nini, maana wako wanaojifanya hawajui. Kiwanda cha sabuni kilichagua vibarua kila asubuhi langoni. Asiyevaa koti la buluu hakuingia. Na kiwanda chenyewe hakikumpa mtu koti, kibarua alijinunulia. Ndivyo ilivyokuwa nyanya yake Lenah alipopanga foleni kwenye lango hilo hilo, na ndivyo ilivyo leo. Lango limepakwa rangi mara nyingi. Sheria hiyo haijaguswa.

Siku ya Ijumaa, mama akiwa kazini kwa watu, Lenah alilitoa koti msumarini na kulipeleka kwa akina Fowsiya. Alikata mikono, akafupisha pindo, akashonea vitenge vyekundu mgongoni.

"Mamako anajua?" Fowsiya aliuliza.

"Alisema ni tambara."

"Alisema hivyo kweli?"

"Fowsiya, nipe uzi."

Walimaliza jua likizama. Koti lilikuwa limegeuka kitu cha ajabu, kizuri mno. Lenah aliliacha huko huko kwa rafiki yake.

Kumbe jioni hiyo habari ilikuwa imezagaa Mukuru: kiwanda kimepata oda kubwa, na lango litafunguliwa Jumamosi. Alfajiri Lenah alimsikia mama akipapasa nyuma ya mlango. Akasikia beseni likisukumwa na sanduku likifunguliwa.

"Lenah. Lenah! Umeona koti langu?"

Lenah alikuwa macho. Neno moja lingetosha. Alivuta pumzi ndefu kama mtu aliyelala fofofo, akajifunika blanketi usoni. Mama yake akatoka bila koti.

Mchana, kule Buruburu, Lenah alipata alichotaka. Ndindi alimzunguka, akashika vile vitenge, akapiga mluzi.

"Cheki huyu! Geuka tena. Usicheke, kaa hivyo hivyo."

Alimpiga picha nyingi. Vijana wakapiga makofi. Kisha mtu akasema twendeni kwa kina Ndindi tukanywe sharubati, na wote wakainuka. Lenah na Fowsiya wakainuka nao. Walipofika getini, Ndindi aligeuka.

"Aa, nyinyi si wa Mukuru? Mamangu hataki watu wa huko waingie kwetu. Lakini koti ni kali, aki. Wiki ijayo uje na lingine."

Geti likafungwa. Wasichana hao wawili walisikia kicheko upande wa pili, halafu wakaanza safari ndefu ya kurudi.

"Wanataka koti, hawataki aliyelivaa," Fowsiya alisema.

Lenah alilivua, akalikunja, akampa rafiki yake amfichie tena.

Kabla hajafika mlangoni kwao alisikia kelele. Ploti nzima ilikuwa imetoka nje. Katikati alisimama Khalayi, jirani wa mlango wa pili, mwanamke aliyeacha watoto wake kwa nyanya yao huko Malava ili atafute kazi Nairobi. Ayuma alikuwa amemshika kola.

"Hili ni koti langu!" Ayuma alifoka. "Lako lilikuwa na mfuko uliochanika. Jana tu nililiona. Leo mfuko mzima umetoka wapi?"

"Nimeushona, Mama Lenah! Nimeushona jana jioni. Niachilie."

"Mimi nimefukuzwa langoni kama mbwa, wewe umeingia na koti langu!"

Ayuma aliuvuta mfuko ule kwa nguvu zote. Ukachanika na kuanguka chini. Khalayi alipojaribu kuuokota, Ayuma akamzaba kofi.

Makoti ya buluu yote hufanana, na watu wenye njaa hawahitaji ushahidi mwingi. Mtu akamwaga ndoo ya maji ya Khalayi. Mwingine akatoa jiko lake nje na kulipiga teke. Watoto wakaanza kuimba: "Mwizi wa koti! Mwizi wa koti!" Nao walipiga mabati kwa fimbo. Watu wazima wakawaacha waimbe.

Lenah alisimama kati ya watoto hao. Mmoja alimtazama akishangaa mbona amenyamaza, na koti ni la mama yake. Lenah akafungua kinywa. Akaimba nao.

Khalayi aliisikia sauti hiyo. Aligeuza kichwa na kumtazama Lenah peke yake, kwa sababu juzi tu alikuwa amempa nusu ya chapati yake.

Mtunzaji wa ploti, mzee Ndirangu, alikuja na kutoa hukumu haraka. "Mimi sitaki wezi hapa. Kesho watu wakitoka kanisani, tutakaa kikao. Asipolipa koti, atoe virago."

Jumapili ilikuwa ndefu. Kanisani Lenah hakusikia neno la mahubiri. Kikao kilipoanza, Khalayi alikuwa tayari amefunga godoro lake kwa kamba. Alikaa juu yake, uso umevimba upande mmoja.

"Sina koti la mtu," alisema. "Lakini nimechoka kuimbiwa. Nitaondoka."

"Uondoke uende wapi?" mtu aliuliza akicheka. "Ukaibe Dandora?"

Watu wakacheka naye. Fowsiya, aliyekuwa amesimama mlangoni na mfuko wa karatasi kifuani, alimtazama Lenah. Lenah alijua Khalayi akishavuka ule mtaro na godoro lake, hakuna neno litakalomrudisha.

Akauchukua mfuko, akatoa koti.

"Ni mimi," alisema. "Nililikata. Anti Khalayi hakuiba."

Kicheko kilikatika. Ayuma alilichukua lile koti lisilo na mikono, akalitandaza magotini, akaviangalia vile vitenge vyekundu.

"Jana alfajiri nilikuamsha," alisema polepole.

"Nilikuwa macho, Mama."

"Na jana jioni uliimba."

"Niliimba."

Ayuma hakumpiga, na watu walingoja ampige. Alisema tu: "Kesho utakwenda na mimi langoni. Shule itakungoja."

Walioimba jana wakaanza kutazama chini na kukumbuka kazi zao. Mzee Ndirangu akakohoa na kusema kikao kimefungwa. Hakuna hata mmoja aliyeokota jiko la Khalayi.

Jumatatu asubuhi Ayuma alipanga foleni amevaa koti lile la vitenge, mikono wazi kwenye baridi. Lenah alisimama kando. Khalayi alikuwa mbele yao, koti lake bila mfuko, naye akapita. Ilipofika zamu ya Ayuma, msimamizi aliyeitwa Maingi aliinua fimbo yake na kumgeuza.

"Haya, tazameni bibi harusi! Mama, harusi ni mtaa gani? Toka kwenye foleni."

Wanaume walicheka. Wanawake wengine pia walicheka, kwa sababu nafasi moja ilikuwa imebaki wazi. Lenah alimwona mamake akitoka kando, ameinamisha kichwa, akijaribu kuficha vitenge kwa mikono.

Ndipo waliposikia sauti chini ya ukuta, kwenye tundu linalotoa maji ya kiwanda. "Mama Lenah! Chukua!" Mkono ulipenya na kusukuma koti la buluu, pindo limelowa. Alikuwa Khalayi; alikuwa amepangiwa sehemu ya kuosha madumu, na huko walivalishwa aproni za plastiki, hivyo koti hakulihitaji.

Ayuma alilivaa likidondoka maji na kurudi mwisho wa foleni. Maingi alimwona. Alijua ni yule yule. Lakini hakutazama uso. Alitazama koti, akatikisa kichwa apite.

Jioni Lenah alimngoja Khalayi mlangoni pake na kupiga magoti.

"Nisamehe, Anti."

"Bado," Khalayi alisema. "Shavu bado linauma. Inuka unisikilize. Una mikono mizuri, na Jumamosi ni zako. Vaa, tembea, pendeza. Lakini urembo wako usikae mgongoni kwa mtu mwingine. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kwa maana uongo wako ulipolala usiku mmoja tu, uliamka na kunipiga mimi. Mamako alinipiga kofi, lakini anayetupiganisha yuko ndani ya lile lango la kiwanda. Ukikua, muulize kwa nini kiwanda kizima kinashindwa kuwanunulia watu koti. Uulize kwa sauti ile ile uliyoniimbia."

Babake Fowsiya alitoa kitambaa cha buluu cha kumshonea Ayuma koti jipya, na Lenah akakubali kupinda mapazia dukani kwake Jumamosi hadi deni litakapoisha. Buruburu ingengoja.

Lakini jioni ile ile ya magoti, Khalayi aliingia ndani, akatoka na koti lake alilorudishiwa na ule mfuko uliochanika. Akavitupa mikononi mwa Lenah.

"Shona," alisema. "Na ushone imara. Mfuko huu ndio ulioniita mwizi."