Kizibo cha Boti ya Bluu

Walikuwa wameshatoka ufukweni, na boti ya mwisho ilikuwa inajaa maji bila mwenyewe kujua.

Zilikuwa kayaki nne, vile viboti vyembamba vya mtu mmoja, na wapiga kasia watatu walikuwa wanafunzi wa siku ya kwanza. Kiongozi wao, ambaye kila mtu alimwita Nahodha, alitangulia akipaza sauti: "Kasia lilambe maji, msilichimbe! Hatulimi hapa!"

Watu wakacheka. Mke wa daktari wa meno, mwanamke mrefu kama mlingoti, alicheka pia. Kisha akauliza, "Mbona mimi nimekaa chini kuliko nyie?"

Walikuwa katikati ya mkondo. Boti yake ya bluu ilididimia nyuma, ikambwaga. Jaketi la uokoaji lilimwelesha, lakini mkondo ulimsukuma chini ya gati bovu akanasa kwenye nguzo. Walipomnasua alikuwa amekunywa maji ya kutosha. Alipelekwa hospitali hajitambui.

Kabla ya saa nne waliobaki walikuwa kwenye kibanda cha boti, na daktari wa meno, naye mwanafunzi, alikuwa amemkaba Nahodha shati.

"Utafungwa wewe! Unapeleka watu baharini kwa boti mbovu!"

"Mwachie kwanza, daktari," alisema mwanafunzi wa tatu, mama mfupi aliyejiandikisha kama mshonaji. Akatoa kitambulisho kwenye mfuko wa plastiki shingoni. Alikuwa inspekta wa polisi.

"Kumbe mshonaji mwenyewe anashona watu!" Daktari alimwachia Nahodha.

Inspekta aliipindua boti ya bluu. Nyuma kulikuwa na tundu la kutolea maji. Kizibo chake kilining'inia kwenye kamba yake, kichwa kizima, lakini mkia wenye nyuzi za kufungia kama za skrubu ulikuwa umekatwa kwa msumeno. Akaingiza kidole tunduni. Kilitoka na utelezi na harufu ya sabuni ya kufulia.

"Nahodha, vizibo hivi unavikaguaje?"

"Navipapasa, mama. Vyote nimevipapasa asubuhi. Hicho kilikuwepo."

"Kichwa kilikuwepo. Kilikuwa kimegandishwa kwa sabuni. Maji yameila, kikadondoka." Akamgeukia daktari. "Mkeo alikuwa apande ya njano. Nani aliomba abadilishane na mimi?"

Daktari alilamba midomo. "Mimi. Ya bluu ina egemeo zuri, na mgongo unamsumbua."

"Na jana mligombana hapa, wote tukisikia."

"Mke na mume hawagombani? Ndiyo nimuue?"

Nahodha alisogea mbali naye kidogo.

Inspekta aliigeuza boti, akaingia, akakaa palepale sakafuni. Nyayo zake zilitua sawasawa kwenye vikanyagio.

"Nahodha, hivi ulivipima kwa miguu ya nani?"

"Yako, jana jioni. Leo yule dada alikaa magoti juu kama panzi. Maji yalikuwa yanakupwa, nikasema nitamrekebishia kisiwani."

"Ule ubadilishaji ulitajwa kabla ya leo?"

"Hapana. Aliomba tukiwa tayari mchangani."

"Na sabuni inataka muda wa kukauka. Imewekwa usiku." Inspekta alitoka botini taratibu. "Basi aliyekata kizibo hakumtaka mke wa daktari. Alinitaka mimi."

Mlangoni alisimama mwanamume wa makamo mwenye kofia iliyochanika. Ndiye dereva wa boti ya uokoaji, kaka wa mke wa Nahodha.

"Na wewe shemeji mtu, jana jioni ulikuwa wapi?"

"Mjini, kutafuta petroli. Nimelala hukohuko. Alfajiri nikatangulia kisiwani. Hata sijui nani alipanda boti gani."

Mke wa Nahodha aliingia na chai. Alimpa Inspekta kikombe, akamshika mkono.

"Afadhali u mzima, dada yangu. Nilikulilia mimi!"

"Kwa nini mimi?"

"Si redioni, ile ya kuitana na boti? Mume wangu alisema boti ya bluu inazama, basi. Kaka akajibu, 'Ni yule mama mfupi, namfuata.'"

Yule kaka alivua kofia, akaivaa tena.

"Dada, umesikia vibaya."

Inspekta alizungumza kwa upole. "Mama, rudia. Kama hukusikia vizuri, sema pia."

Mwanamke alimtazama mumewe mwenye shati lililochanika, akamtazama kaka yake.

"Nilikuwa nimeishika redio mwenyewe. Alisema mama mfupi."

"Unaniuza, dada?"

"Ulikuwa unamwacha mume wangu afungwe, na wewe umesimama hapo."

"Hukuwepo wakati wa kupimana," Inspekta alimwambia, "na hujui nani alipanda nini. Ulijuaje kuwa ya bluu ni yangu?"

Yule kaka alikaa juu ya majaketi yaliyorundikwa.

"Jana jioni nilikuwa nyuma ya kibanda, mkipimana. Nilikutambua, wewe ndiye uliyemfunga rafiki yangu. Ukainua turubai lile pale, ukasema, 'Mashine zote hizi za nini?' Nikajua umenifuata."

Nahodha aliinua turubai. Chini yake zilipangwa injini za boti, za watu waliokuwa wakilalamika kuibiwa pwani nzima.

"Nilikuwa natafuta pa kuweka viatu," alisema Inspekta. "Niko likizo. Naogopa maji, nimekuja kujifunza."

Mke wa daktari alizinduka jioni ile. Wiki iliyofuata alirudi nyumbani, bado anagombana na mumewe. Injini zilirudi kwa wenyewe. Kaka mtu alifungwa, na dada yake humpelekea nguo, wakikaa hawasemezani. Nahodha hapapasi tena, anafungua kila kizibo na kukifunga upya, wateja wanalalamika anachelewesha. Inspekta alimaliza likizo akikanyaga maji ya magotini. Mwaka uliofuata alirudi, akapewa ya njano, akafika kisiwani.