Pointi za Papa Donatien

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, Pélagie alichukua ndoo na kitambaa akafuatana na baba yake kwenda kuosha lori. Baba yake, Donatien, alikuwa dereva wa tajiri mmoja aliyesafirisha pamba ya bonde la Ruzizi hadi bandari ya Kalundu. Nyumba yao ilikuwa Kilibula, na gereji haikuwa mbali. Donatien aliosha kioo na milango. Pélagie, aliyekuwa mwembamba kama ufito, aliingia chini kukagua magurudumu ya nyuma, yaliyofungwa mawili mawili, aione mipira ya upande wa ndani, kwa sababu tumbo la baba yake lilikuwa limekwisha kukataa kupita huko.

"Mipira iko namna gani?" Donatien aliuliza kila mara.

"Iko muzuri, Papa!"

Aliipenda kazi hiyo. Lakini Jumamosi hii mawazo yake yalikuwa mbali. Kesho yake baba angepeleka mizigo katika hospitali ya misheni huko juu mlimani, naye Pélagie angekwenda pamoja naye. Mama yake, Sidonie, alilazwa huko kwa ugonjwa wa kifua tangu mvua za kwanza, na sasa mvua zilikuwa zimekwisha. Nguo yake moja ilibaki imetundikwa ukutani. Pélagie aliinusa kila alipotoka shule, na harufu ilikuwa ikipotea. Kibaya zaidi, alikuwa ameanza kuisahau sauti ya mama. Maneno yake aliyakumbuka yote, ila sauti yenyewe haikuja, na jambo hilo lilimtia hofu kuliko giza.

Chini ya lori alishtuka. Mpira mmoja wa ndani ulikuwa umeota kipara. Michoro yake yote ilikuwa imesagika, na upande mmoja nyuzi nyeupe zilichungulia. Pélagie alijua maana yake. Mpira mpya ungetoka Usumbura, kule ng'ambo ya mpaka wa Kavimvira, na kabla haujafika Jumapili ingekuwa imepita.

"Weye, mbona unanyamaza? Mipira iko namna gani?"

"Iko muzuri, Papa."

Baba alipokwenda kunywa chai, Pélagie alikimbia nyumbani. Alikwangua masizi kwenye sufuria, akayachanganya na mawese, akarudi kuupaka ule mpira. Nyuzi hazikuonekana tena, na mpira uling'aa kama mpya. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini Pélagie aliitaka iwe ndefu kiasi cha kumfikisha mlimani tu.

Jumapili, baada ya misa, alipanda lori akiwa na kikapu cha ndagala, wale samaki wadogo, waliokaangwa, kwani mama aliwapenda mno. Ildephonse, fundi wa gereji, alikuja kufungua lango. Alikuwa mtu wa mizaha.

"Ee, leo hata mipira imevaa nguo ya Jumapili!" alisema akiangalia magurudumu. "Lakini endesha polepole mulimani, Donatien. Pointi yako ya nne tusiione."

"Juu ya nini asiipate?" Pélagie aliuliza. "Minye niliambia darasa lote kwamba Papa iko na pointi tatu! Madereva wengine hawana hata moja."

Ildephonse alicheka mpaka akaegemea lango. Donatien hakucheka.

"Pointi za masomo, mwanangu, zikipanda, mwanafunzi anapanda nazo," alisema. "Zetu zikipanda, dereva anashuka. Tajiri anatupa pointi kwa kila kosa: mbio, muzigo muzito kupita kiasi, mupira uliokwisha. Nikipata ya nne, usukani anapewa muntu mwingine. Na sisi, mulimani kwa mama yako tutafika namna gani?"

Aliwasha injini. Pélagie alikitazama kikapu. Alimtaka mama yake. Kisha akakumbuka kona za mlimani, na bonde lililo chini yake.

"Papa, zima," alisema. "Mupira wa ndani umekwisha. Minye niliupaka masizi na mawese."

Donatien alizima. Alishuka, akajisukuma chini ya lori na tumbo lake lote, akatoka na kidole cheusi. Ildephonse aliacha kucheka.

"Nilitaka kuona mama," Pélagie alisema, akilia.

Donatien aliketi juu ya ngazi ya lori. "Na minye?" aliuliza taratibu. "Unafikiri minye simukumbuki?"

Machozi yalimtoka. Pélagie hakuwahi kumwona baba yake akilia kabla ya siku hiyo. Mchana huo Donatien alikwenda mwenyewe kumwambia tajiri habari za mpira ule. Kwa kuwa dereva alisema mwenyewe kabla gari halijatoka, tajiri hakumpa pointi, bali aliagiza mpira mpya. Hata hivyo iliwabidi wangoje, na kungoja huko kulikuwa kuchungu.

Siku walipofika mlimani, mama alikuwa ameketi barazani, amekonda, lakini macho yake yaling'aa. Kwa sababu ya ugonjwa wake, wageni walisimama uani, wala Pélagie hakuruhusiwa kumkumbatia. Aliweka kikapu juu ya ukuta mfupi, akamsimulia yote bila kuficha.

"Jumapili ile niliwangoja mpaka jua likazama," mama alisema. "Nililia, Pélagie. Lakini afadhali kungoja muntu kuliko kungoja habari zake. Mupira hauishi kwa siku moja, unasagika kidogo kidogo. Ukweli nao ni vile vile: leo unauficha kidogo, kesho kidogo, mpaka siku unapasuka na watu wako ndani. Ukiona nyuzi, sema, mwanangu. Sema hata kama utanikosa."

"Ndiyo, Mama."

Pélagie aliyashika maneno hayo yote. Lakini alimwomba mama ayaseme tena tangu mwanzo, ili arudi nyumbani na ile sauti pia.