Kopo Lililogoma Kufunguka

Sokoni mchana ule palikuwa hapapitiki. Wapakiaji wanapiga miluzi wapishwe njia, wateja wanakanyagana, na katikati ya rabsha yote hiyo, mbele ya duka la vyombo vya plastiki, kijana wa ovaroli la buluu lenye madoa ya grisi amesimama kimya anapapasa mdomo wa ndoo. Anaizungusha, anafumba macho, anatikisa kichwa. Anaiweka chini, anachukua nyingine.

Mwenye duka alimtazama mpaka uvumilivu ukamwishia. Alikuwa msichana wa gauni la njano na viatu vyekundu, penseli kaichomeka sikioni, na mdomo, jamani, haukuwa na breki.

"Kaka, unanunua ndoo au unaiposa?"

Watu wakaangua kicheko. Kijana akashtuka, nusura aiangushe.

"Samahani, dada. Hii ndoo ina masharubu."

"Ina nini?"

"Masharubu. Pitisha kidole hapa."

Akapitisha. Kweli, kwenye ukingo palikuwa na utando mwembamba wa plastiki, mkali. Wateja walikuwa wakilalamika ndoo zake zinawakata, naye siku zote akiwajibu kwamba wana vidole laini.

"Aliyeitengeneza hakubana vizuri," kijana akasema, na sasa aibu yote ikamtoka, maana hapo alikuwa nyumbani kwake. "Ndoo inazaliwa ndani ya kalibu, na kalibu lina vipande viwili. Mashine inavikutanisha, inavibana, halafu plastiki iliyoyeyuka inasukumwa ndani kwa nguvu. Sasa ile plastiki inataka kuvitenganisha! Kibano kikilegea kidogo tu, inachungulia nje. Ndiyo masharubu haya."

"Na wewe umeyajulia wapi yote hayo?"

"Mimi ndiye fundi wa kibano. Kiwanda kile nyuma ya kituo cha mafuta."

"Kwa hiyo kazi yako ni kuwashika wawili wasiachane?"

"Mchana kutwa."

"Una mke?"

"Sina."

"Nilijua. Mganga hajigangi."

Fundi akacheka mpaka akalazimika kuishikilia ndoo. Mwishowe akainunua ileile yenye masharubu, ambayo hakuwa na haja nayo hata chembe, akaomba na namba ya simu, eti ndoo ikimsumbua apate pa kulalamikia. Jioni hiyohiyo akapiga.

"Bosi, habari za jioni. Ndoo inakusalimia."

"Iambie nimezipata salamu. Na wewe je, huna salamu zako?"

Hapo ndipo yalipoanzia. Fundi alimpenda, tena vibaya. Akiwa mashineni, simu ikilia alikimbilia stoo kuongea, kidole kakiziba sikio moja kwa sababu ya kelele. Naye Bosi, ambaye wapakiaji wote wa soko walikuwa wakimwogopa, alionekana mchana kweupe akiichekea simu kama mtu aliyelogwa.

Kasoro ya Fundi ilikuwa moja tu: hakujua kufunga kitu kikafungika kawaida. Chupa ya maji aliyoifunga yeye, utakufa kwa kiu. Siku ya kwanza alipokaribishwa nyumbani kwa shangazi aliyemlea Bosi, alinawa mikono, akafunga bomba. Shangazi akalazimika kumwita jirani aje na spana.

"Huyu bwana wako," shangazi akauliza, "ana mikono au ana koleo?"

"Ndiyo kazi yake, shangazi."

"Basi kazi yake iishie kazini."

Haya. Miezi ikapita, Fundi akaamua kuoa. Pete alikwisha nunua, ya dhahabu, nyembamba. Lakini angempaje? Mtu wa watu akaona atengeneze kopo dogo kwa mikono yake, aitie pete humo, amkabidhi mpenzi mbele ya shangazi. Akasubiri mashine ipate nafasi. Akaongeza nguvu ya kibano mpaka mashine ikaguna. Kopo likatoka la njano, rangi ya lile gauni la siku ya kwanza, laini kila upande, hakuna sharubu hata la dawa. Akaiviringisha pete kwenye pamba isigongegonge, akaitumbukiza. Mfuniko ukatoka kalibuni, akauchukua palepale, akaufunika, akaukandamiza kwa kiganja.

Palepale! Ungali moto! Mtu aliyewafundisha wenzake wote pale kiwandani kwamba plastiki ikipoa husinyaa! Lakini mapenzi ni mapenzi, akili zilikwisha hamia sokoni. Mfuniko ukapoa taratibu, ukasinyaa taratibu, ukaling'ang'ania lile kopo kama kupe.

Kesho yake akaenda, kavaa shati jeupe na tai ya kuazima. Shangazi kaketi kwenye kiti chake, miwani kaishusha puani. Hotuba ambayo Fundi alikuwa ameikariri siku nzima ikayeyuka yote. Kilichotoka ni hiki:

"Bosi, hili nimelitengeneza mwenyewe. Litazame vizuri ndani na nje, halafu utanipa jibu."

Akakwaa stuli, akaomba radhi kwa stuli, akatoka.

Bosi akabaki kalishika kopo. Akavuta mfuniko. Wapi! Akatia kucha, ukucha ukavunjika. Akalitikisa, kimya. Shangazi akalipokea, akaligeuza juu chini.

"Sampuli," akasema.

"Shangazi!"

"Mwanangu, mimi nimeuza vyombo kabla hujaota meno. Mtu wa kiwanda akikuletea kopo akataka jibu, anataka uchukue mzigo wake. Na lenyewe halifunguki."

Bosi akakaa chini. Miezi yote hiyo, simu zote zile za "umekula, umelala, umeamkaje", kumbe alikuwa anabembelezwa na muuza makopo? Akalia kwa kwikwi, mpaka shangazi akajuta kusema.

Simu ikaita asubuhi. Nyuma ya sauti ya Fundi, mashine zinanguruma.

"Mpenzi wangu, umeitazama zawadi?"

"Nimeitazama."

"Na jibu?"

"Jibu ni hapana."

"Ha... hapana? Kwa nini?"

"Kwa sababu ninazo kubwa kuliko hiyo. Tele! Tena hazinisumbui kama hiyo yako!"

Simu ikakatwa. Fundi akabaki anakitazama kioo cha simu. Tele? Amevishwa pete na wanaume wangapi, huyu? Na yeye kajipeleka na tai ya kuazima!

Tangu siku hiyo kazi ikamshinda. Akabana kidogo, akasahau kubana, akabana kalibu lisilo lake. Msimamizi wa kiwanda, mama mmoja asiyependa maneno mengi, akaokota mfuniko, akamwonyesha.

"Haya si masharubu tena, ni ndevu za beberu. Umeachwa au unaumwa?"

"Vyote viwili, mama."

"Shusha hilo kalibu likasafishwe. Mashine ipumzike, na wewe upumzike."

Huko sokoni, Bosi alikuwa amelitupia kopo rafuni pamoja na mengine. Mteja mmoja akalipenda, alitaka la kutilia sukari. Akavuta, likagoma. Mpakiaji mmoja mwenye mabega mapana akajitolea, akalivuta, akalibana magotini, mwisho akalitia meno, na jino likalegea.

"Dada," mteja akasema, "unauza kopo au jiwe?"

Basi! Bosi akafunga duka mchana mchana, akajitia gauni lake la njano, akalikwapua kopo. Shangazi akamfuata, eti kumzuia asitukane, lakini kweli hakutaka kupitwa.

Kiwandani kulinuka plastiki moto. Fundi alikuwa amekwisha shusha kalibu. Mashine imebaki na sahani zake mbili nene za chuma, zile zinazolibana kalibu, tupu, zinatazamana.

"Chukua sampuli yako!" Bosi akampigia kelele. "Kopo halifunguki! Mpakiaji wangu kalegea jino! Nani atanunua?"

"Sampuli gani?" Fundi rangi ikamtoka. "Hujalifungua?"

"Nani alifungue?"

Akalinyakua. Akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Kisha akaacha kuvuta.

"Niliufunika ungali moto," akanong'ona.

"Nini?" msimamizi akadakia. "Wewe? Ungali moto? Haraka ya nini?"

Fundi akamtazama Bosi.

"Ya kuoa."

Penseli ikaanguka kutoka sikioni mwa Bosi, hakuiokota.

"Lifungue," shangazi akasema. "Lifungue sasa hivi!"

Fundi akalilaza kopo ubavu kati ya zile sahani mbili, akavuta mlango wa usalama ukafunga, maana bila hivyo mashine haisogei hata uitishe kwa fimbo. Akashika kitufe, akaisogeza polepole, ule mwendo wa upole ambao mashine hutumia kupapasa kama kuna kitu kimenasa. Sahani ikaligusa kopo. Kopo likabonyea, likawa yai. Mfuniko ukajikunja, na puu! Ukaruka. Mashine iliyoundwa kwa kubana, leo ikafungua.

Pamba ikachomoka, kitu kikang'aa, kikaserereka na kutumbukia kwenye sanduku la mifuniko mibovu lililokuwa chini. Wote wanne wakalivamia, wanachimbua, mifuniko inaruka huku na huku. Aliyeiona ni shangazi. Akaipangusa kwenye kitambaa chake.

"Nilikosea," akasema, neno ambalo hakuna aliyewahi kulisikia kinywani mwake.

"Na zile nyingine tele?" Fundi akauliza kwa sauti ndogo.

"Makopo, mjinga wewe! Makopo!" Bosi machozi yanamtoka na kicheko kinamtoka. "Nilidhani unalitaka duka langu."

"Mimi nakutaka wewe. Duka sijui hata lina milango mingapi. Utaolewa na mimi?"

Bosi akanyoosha kidole. Fundi, ambaye hata pete aliichagua isiyo na nafasi ya kulegea, akaivisha, akaisukuma, ikapita kwa taabu na kutulia.

Jioni simu ikaita.

"Bosi wangu, bado inabana?"

"Inabana. Shangazi kaipaka sabuni, kaipaka mafuta, haijasogea."

"Nije niichukue, nikailegeze kwa sonara?"

"Thubutu uone!"