Pipa la Bi Time na Kura ya Mtaa

Bi Time na mumewe Talib ni watu wa Unguja, lakini makazi yao ni London. Kila Jumamosi Bi Time huenda soko la Woolwich kununua samaki. Talib hubaki mbele ya televisheni kumgombeza Waziri Mkuu. Waziri Mkuu hamsikii, lakini Talib hachoki.

Mwaka huo halmashauri ya mtaa wao iliamua kuzoa taka mara moja tu kwa wiki mbili. Hebu fikiri mwenyewe: matumbo ya samaki wiki mbili ndani ya pipa! Mbweha wa London walisikia harufu, wakaitana. Wakapindua pipa, na utumbo wa nguru ukakutwa mlangoni kwa jirani. Bi Time aliona haya sana. Akatangaza kwamba hapiki samaki tena mpaka pipa lipatiwe dawa.

Talib akala maharage, na kesho yake maharage. Ilikuwa huzuni kweli.

Alisema chama anachokipenda hapo Uingereza kikishika nchi, mambo yatanyooka. Shemeji yake Matar, kaka yake Bi Time, alikuwa wa chama kingine. Wakagombana mpaka chai ikapoa, na pipa likaendelea kunuka.

Jirani yao Bi Pramila, mzaliwa wa Unguja pia, hufanya kazi kwenye kituo cha kura kila uchaguzi. Aliwasikia kupitia ukutani, akaja.

"Waziri Mkuu halijui pipa lako, Bwana Talib," alisema. "Taka, taa za barabarani, maktaba, hayo ni ya kaunsili, halmashauri ya mtaa. Madiwani ndio wanaoamua, na mwezi ujao tunawachagua."

Talib alisema yeye hana pasi ya Uingereza. Bi Pramila akamweleza kwamba Mtanzania anayeishi hapa kihalali ana haki ya kupiga kura ya mtaa, kwa sababu Tanzania imo katika Jumuiya ya Madola. Ila lazima ajiandikishe kwanza.

Talib akaguna. Kwao Unguja, uchaguzi uliwahi kumfanya asusie hata harusi ya rafiki yake wa chama kingine.

"Kura ni siri," alisema Bi Pramila. "Tena ya mtaa wapigaji wake wachache. Yako itakuwa na uzito."

Wakajiandikisha. Siku mama mmoja mgombea udiwani alipogonga mlango, Talib alijificha chooni. Alidhani amekuja kuandika majina ya wapinzani. Bi Time akampeleka mgeni kwenye pipa, akafunua kifuniko. Mama yule alirudi nyuma, akaziba pua. Akaahidi kwamba akishinda atapigania taka zizolewe kila wiki. Wagombea wengine hawakuahidi hivyo.

Tatizo ni kwamba mama yule alikuwa wa chama cha Matar. Talib alinung'unika siku nzima. Halafu akakumbuka maharage. Akaenda kituoni, akampa kura yake, akatoka na kofia ameishusha mpaka machoni.

Mama alishinda kwa kura chache. Madiwani wapya wakakubaliana, na gari la taka likarudi kila wiki. Bi Time akapika changu wa nazi. Talib nusura alie kwa furaha.

Matar alikuja mbio. Alikaa mbele ya sahani, akajigamba kwamba gari lile limeletwa na chama chake. Talib aliendelea kutafuna.

"Kaka, ulipiga kura?" Bi Time aliuliza.

"Hiyo ya mtaa? Hapana. Mimi nasubiri ya nchi nzima."

Bi Time akaondoa kichwa cha changu kwenye sahani ya kaka yake, akakiweka kwenye sahani ya mumewe.

"Basi na samaki, kaka, subiri wa nchi nzima."