Bia Mbili Alizokunywa Glenys

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu. Kama nimeongeza hata nukta, mkono wangu wa kulia, huu ninaoshikia bia, ukauke leo hii kabla ya saa sita mchana. Wanaonijua hapa kijijini Mulgarrup watasema Barney Oakshott ana chumvi nyingi. Sawa, chumvi ninayo. Lakini hii sijaigusa.

"Saa nne asubuhi, Lindsay. Saa nne! Na tayari umeishika."

"Ya kulegeza mabega tu, Glen."

"Mabega yako yanalegea mwaka wa thelathini huu. Mwisho yatadondoka."

Ilikuwa Jumamosi ya Pasaka, na hata mpira wa kwanza ulikuwa haujapigwa. Huyo Glenys ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu Dulcie. Anafanya kazi posta. Mjane, miaka hamsini na minane, mgongo umenyooka kama rula. Lindsay Prowse ni fundi wa pampu za visima, ana mikono kama spana, na alikuwa mchumba wake mwaka wa nne. Mkononi alikuwa na chupa imevishwa kile kifuko cha sponji tunachovalisha bia zisipate joto.

Mchezo wenyewe ni gofu ya mwanamume na mwanamke, mpira mmoja, mnapokezana kuupiga. Mwenzio akiupeleka porini, wewe ndiye unayeingia porini kuupiga. Sisi tunauita mchezo wa wakili, maana wengi wakimaliza wanaulizia wakili wa talaka. Mimi na Dulcie tulipangwa kucheza nao.

Simu ya Glenys ikalia. Akasoma, kisha akamwonyesha Lindsay. Nami nikachungulia, si ndiyo tabia yangu.

"Mama, chumba nimeshapaka rangi. Basi la Jumanne, saa moja na nusu asubuhi. Usilikose. Janine."

Janine ni binti yake, anaishi Bunbury, kule pwani.

"Kwa hiyo umeamua," Lindsay akasema.

"Nilikwambia mwezi wa kwanza. Nikikuona na chupa siku ya Pasaka, naondoka. Leo ni Pasaka, na chupa hiyo hapo."

"Glen..."

"Mume wangu Ross alitoka klabu hii hii amechangamka, akaenda kukutana na mti. Kabla ya hapo nililala miaka ishirini nikisikiliza injini ya gari, linarudi au halirudi. Siolewi tena na mtu wa kusikilizwa. Piga mpira, tunachelewesha watu."

Lindsay akapiga. Mpira ukaenda kwenye miti.

*

Shimo la tatu nilimvuta Lindsay nyuma ya tangi la maji.

"Mwambie," nikamwambia.

"Sisemi."

"Mwanangu, mwanamke anapanda basi Jumanne! Unamficha nini? Hiyo chupa haina kilevi! Mimi mwenyewe ndiye ninayekununulia kule mjini, kreti kwa kreti, nimeifunika kwenye gari kama nimeiba ng'ombe."

Lindsay akakaza kile kifuko kwenye chupa, kama mtu anayemfunika mtoto.

"Mara tatu nimemwambia nimeacha, Barney. Mara tatu. Mara ya kwanza nilimaliza wiki mbili. Ya pili, siku nne. Ya tatu aliniokota barazani kwako. Ya nne sisemi. Nataka siku zipite kwanza, ziwe nyingi, zisimame zenyewe."

"Na hao jamaa wa klabuni, mbona unawadanganya?"

"Unamjua Noel. Niagize soda mbele yake uone. 'Lindsay unaumwa? Lindsay umeokoka?' Hatanyamaza mpaka nishike chupa. Basi naishika. Nikianguka, hakuna atakayejua kwamba nilikuwa nimesimama."

Nikamwachia ushindi. Hayo hunitokea mara moja kwa mwaka.

Ila niseme ukweli: kucheza alikuwa anacheza vibaya. Zamani, akiwa na bia tatu kichwani, fimbo ilikuwa inazunguka kama mlango uliotiwa mafuta. Sasa alikuwa akisimama juu ya mpira akiwaza, akiwaza, mpaka nzi wanatua puani, halafu anaukata kama kuni.

*

Shimo la sita ndipo palipowaka. Lindsay aliupiga mpira ukaenda kulala kati ya mizizi miwili ya mkalitusi. Glenys akaenda, akautazama, akageuka.

"Unaona? Hivi ndivyo ninavyoishi. Wewe unapiga, mimi naingia mizizini."

"Samahani."

"Samahani imelegea pia?"

Joto lilikuwa digrii thelathini na nne. Akatembea hadi kwa Lindsay, akampokonya chupa.

"Nipe. Na mimi nilegee leo. Nijue mnaona nini humo."

"Glen, usi..."

Akaimaliza kwa mikupuo minne. Akajifuta mdomo na mkono wa blauzi.

"Barney, lete nyingine."

Dulcie akashika kichwa. "Wewe Glenys! Hujaonja tangu mazishi ya Ross!"

"Ndiyo maana nina kiu."

Nikamtazama Lindsay. Lindsay akanitazama. Hapo mtu yeyote mwenye akili angefungua mdomo. Mimi, ambaye mdomo wangu haujafungwa tangu niache shule, nikafungua kasha la barafu. Nikatoa chupa ya pili ya Lindsay nikiwa nimewapa mgongo, nikaivisha kifuko kile kile, nikampa. Akanywa yote.

Akarudi mizizini. Akapiga. Mpira ukatoka, ukapita juu ya tawi, ukatua kwenye mchanga futi sita kutoka shimoni. Kwetu huku hakuna maji ya kumwagilia nyasi, kwa hiyo kuzunguka shimo tunaweka mchanga mweusi uliotiwa oili.

"Hee!" akasema. "Kumbe ndiyo siri yenu!"

Kuanzia hapo, ndugu zangu, mabega yake yalishuka. Niliyaona kwa macho yangu. Rula ikapinda. Shimo la saba alicheka peke yake kwa sababu kasuku mmoja alitembea kama Noel. Akapiga mpira bila kuupima, ukanyooka. Akaniambia suruali yangu imekosea mtu. Akamwimbia Dulcie wimbo wa shule.

"Amelewa chakari," Dulcie akaninong'oneza, machozi yakimlenga. "Chupa mbili tu, mume wangu!"

"Mwili haujazoea," nikasema, mimi msaliti.

Shimo la nane, Lindsay alikuwa akivuta reki kusawazisha mchanga ili Glenys apate njia ya mpira. Glenys akaketi pembeni, hapo hapo chini, na sketi yake nyeupe.

"Lindsay, nitakwambia neno kwa sababu nimelewa. Kesho nitalikana."

"Sema."

"Sitaki kwenda Bunbury. Nimefunga sanduku mara mbili, nimelifungua mara mbili. Sipendi bahari. Sipendi hata hiyo rangi ya chumba. Nakupenda wewe, mjinga wewe, na mikono yako inayonuka grisi. Nikikusikia unagonga mlango wa nyuma, nazima redio ili nisikie vizuri."

Reki ikasimama.

"Mbona hujawahi kuniambia?"

"Ningekwambia vipi? Kila nikikukaribia nakuta chupa imetangulia."

Lindsay akaiinamia reki tena. Akamaliza kuvuta mchanga, mstari mmoja, polepole, umenyooka. Glenys akainuka, akagonga mpira. Ukaingia.

*

Walitushinda kwa mbali, na sisemi ni kwa sababu Dulcie alikuwa analia. Mchezo ulipokwisha tukafika kwenye maegesho. Glenys akamtupia dada yake funguo.

"Endesha wewe. Sishiki usukani nikiwa hivi."

Lindsay akasema, taratibu kabisa:

"Unaweza kuendesha, Glen."

Nyie! Kicheko kilimtoka usoni kama kitambaa kinavyovutwa mezani.

"Umesemaje?"

"Nasema uko sawa, unaweza."

"Ross alikuwa anasema hivyo hivyo! 'Niko sawa, naweza.' Nimekunywa mbele ya macho yako, nawe unaniambia nishike usukani? Basi. Imekwisha. Kwangu usije. Jumanne usije hata kuniaga."

"Glenys, nisikilize..."

"Imekwisha, Lindsay!"

Lindsay hakubishana. Akaichukua ile chupa tupu kwenye kikapu cha mkokoteni wake, akaivua kifuko, akampa.

Glenys akavaa miwani. Akasoma. Akaigeuza. Akasoma tena, kwa sauti, kama anasoma barua ya mtu mwingine:

"Haina... kilevi."

"Na ile ya kwanza pia," Lindsay akasema. "Na zote. Tangu kabla ya Krismasi. Kesho inatimia miezi minne."

Dulcie alikuwa ameshikilia funguo hewani.

"Lakini nilikuwa nimelewa," Glenys akasema. "Kichwa kilikuwa chepesi. Nilikaa kwenye oili na sketi nyeupe! Basi yule aliyesema yale yote shimo la nane ni nani?"

"Simjui. Ila nilimpenda."

Glenys akaweka uso kwenye viganja. Sauti ikatoka humo ndani ndogo sana:

"Ni mimi. Mzima kabisa. Mungu wangu, aibu hii."

"Ulisema kesho utayakana."

"Kesho nitakuwa mzima kama leo. Sikani!" Kisha akainua uso, na sasa ilikuwa hasira nyingine, ile yenye maji. "Lakini miezi minne, Lindsay! Kila Jumamosi nakuona na chupa, narudi nyumbani nakuzika. Ulikuwa unamficha Noel, au mimi?"

"Nilikuwa naficha kuanguka. Nikasema, nikianguka tena, usinione."

"Ukianguka, anguka mahali ninapokuona. Nitajua nikushike mkono au nikupige fimbo. Gizani nitakushikaje?"

Lindsay akatikisa kichwa. Akasema hakujua kama mtu anaweza kuchoka hivi kwa kushika kitu chepesi. Na akaongeza jambo ambalo nimelifikiria tangu siku ile: kwamba miaka yote aliamini ni bia iliyokuwa ikimlegeza, na leo amemwona mtu analegea kwa maji ya shayiri, kwa sababu tu amejipa ruhusa.

"Basi na wewe jipe," Glenys akamwambia.

Akamkumbatia pale pale, oili na vyote. Dulcie akaanza kulia upya. Mimi nikaona ni wakati mzuri wa kwenda kuangalia tairi.

"Shemeji, unakwenda wapi?"

Nikasimama.

"Nani alikuwa anamnunulia?"

"Mimi, shemeji. Kwa moyo wa kusaidia. Nilikula kiapo, unajua, siri ya mtu..."

"Ngoja. Uwanjani nimeelewa. Lakini ndani ya klabu kila mtu ananunulia meza nzima. Noel akileta bia, analeta na ya Lindsay, na hiyo ni bia kweli. Nimeona mwenyewe: glasi ya Lindsay hurudi tupu kila Jumamosi. Kama yeye hakunywa, alikunywa nani?"

Lindsay akaanza kukagua viatu vyake.

"Ndiyo maana!" Dulcie akapiga yowe. "Ndiyo maana Jumamosi unakoroma mpaka mbwa anahamia barazani! Nimekupeleka kwa daktari wa pua, Barney!"

"Ilikuwa kazi ngumu, mke wangu. Kumi na mbili kwa siku si mchezo. Nilikuwa nalinda heshima ya mtu."

"Heshima yenye povu," Glenys akasema. "Uliniacha nifunge sanduku ili usikose glasi ya pili."

Hilo liliingia, kwa sababu lilikuwa kweli. Nilijua lini nilipaswa kusema, na kila Jumamosi ilipofika nilikuta kuna glasi imejaa inayonisihi ningoje wiki moja. Nikamwomba msamaha. Akavua miwani.

"Leseni ya basi bado unayo?"

"Ninayo."

"Basi harusi ikifika, wewe ndiye dereva wa basi la klabu. Wageni wote, mmoja mmoja, mpaka mlangoni kwake. Na unywe alichokuwa anakunywa Lindsay."

"Harusi gani?" Lindsay akauliza.

"Yangu," akasema Glenys. "Ukitaka, njoo."

*

Walioana mwezi wa tano, saa tisa alasiri, kwenye mchanga wa shimo la kwanza. Noel alichinja kondoo wawili. Meza ilikuwa imejaa glasi mpaka kitambaa hakionekani, nami nimekaa katikati na chupa yangu ndani ya kifuko. Sikuambiwa nivishe kifuko. Nilijikuta nimevisha.

Noel akanijia na glasi mbili zinamwagika.

"Mzee wangu, unakunywa nini leo, mbona umekunja uso? Shika hii!"

Mkono wangu ukageuza chupa, jina lielekee tumboni. Nikaona Lindsay ananitazama kutoka meza ya maharusi. Hakucheka. Alitazama tu, kama mtu anayeijua barabara hiyo na mashimo yake.

Nikavua kifuko.

"Haina kilevi," nikasema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. "Leo naendesha."

Meza ikanyamaza kiasi cha pumzi moja. Kimya hicho tu. Lindsay alikikimbia miezi minne, na kilikuwa cha pumzi moja.

"Basi nakaa kiti cha mbele," Noel akasema, akanywa glasi zote mbili.

Nikawarudisha watu thelathini na saba kwa safari tatu, na Noel aliimba katika zote tatu, kwa sababu kila nikifika kwake alikataa kushuka.